Tandu Mpya wa Sanduku la Mninga

Mama Rehema, mke wangu,

Mimi sasa nina miaka themanini na mbili, kama karani wa kliniki hakukosea, na nimebaki hai baada ya vitu vingi vilivyojiona vitadumu kuliko mimi. Nimeuona mkonge ukifa hapa Kilosa. Nimeziona kaseti zikija kwa mbwembwe na nimezizika. Nimeuona mto ukipanda mpaka kizingitini kwetu hapa Magomeni ya Kilosa, ukanitazama, ukaona hapana, ukarudi. Mafundi redio wote walionicheka mjini hapa, mmoja anauza vocha, mwingine anauza ndizi, waliobaki hawauzi tena kitu chochote, Mungu awarehemu. Na wewe pia nimebaki baada yako, jambo ambalo hatukukubaliana.

Barua hii siifungi. Huko uliko posta haifiki, kwa hiyo naiacha wazi aisome yeyote, hasa wale wanywa kahawa wa pale karibu na stesheni wanaosema sanduku langu lilinunuliwa Dumila. Unajua mimi na kalamu hatuelewani. Kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, na wewe ulinisimamia kama polisi. Ukiona herufi imelala, iache ipumzike.

Unakumbuka lilivyozaliwa lile sanduku? Zilikuwa siku za ruksa. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena, kila mtu anauza kitu, na mashamba ya mkonge nayo yakawa yanauza mpaka milango. Mimi nikanunua mlango wa ghala alimofanyia kazi baba yangu, Mnyamwezi aliyeletwa na reli akabakizwa na mkonge. Mlango wa mninga, mzito kama ng'ombe. Nilipoufikisha nyumbani ukauzunguka, ukasema, "Baba Rehema, mlango umepata. Nyumba ya kuutosha iko wapi?"

Nikakwambia subiri. Nikaupasua, nikaunda sanduku la muziki, spika mbili mbele, amplifaya tumboni, mdomo wa kaseti kifuani. Wewe ulishika mbao, mimi nikapiga misumari. Nyundo ilipokupata kidole ulinitukana kwa Kikaguru maneno ambayo mpaka leo hakuna aliyekubali kunitafsiria. Sikukasirika. Mkaguru na Mnyamwezi ni watani, ndoa yetu ilianza kwa matusi na ikanoga kwa matusi. Rehema alijifunza kusimama akilishikilia sanduku lile, kwa sababu lilipopiga ngoma lilitetemeka na yeye alipenda kutetemeka nalo.

Kaseti zilipoanza kufa, nani aliyeliwekea sanduku tundu la flashi kabla ya mtu mwingine yeyote Kilosa nzima? Mimi. Bodi yake nilichora mwenyewe kwa rangi juu ya bati la shaba, nikaiosha kwa dawa, nikaitoboa matundu. Katikati nikamkalisha yule mdudu mweusi mwenye miguu huku na huku. Wasomi wana jina lao la kumwita. Sisi jina lake tulilipata siku uliyoingia karakana, ukamwona mezani kwangu, ukavua kandambili.

"Baba Rehema usisogee! Tandu!"

Ukampiga. Ilibidi nimnyooshe miguu kwa wembe. Tangu siku ile ni tandu, na mafundi wa Dumila wote wanamwita hivyo bila kujua kwamba jina limetoka kwenye kandambili yako. Kazi yake ni kuongea na flashi. Anaisoma, anautoa wimbo, anaukabidhi kwa amplifaya. Bila tandu, flashi ni kipande cha plastiki na sanduku ni mlango.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Tandu yule wa kwanza alikuwa anasoma flashi ndogo tu. Ukimpa kubwa, taa inawaka, inakonyeza, halafu kimya. Watu wakaanza kuja na flashi kubwa. Mimi nikawa nasema flashi zao mbovu. Nilisema hivyo kwa muda mrefu na nilisema vizuri, mpaka siku wazee wa Mikumi walipokuja kumaliza mambo ya posa ya Rehema.

Alikuja Mzee Mahimbo, baba wa kijana, yule mwenye mgahawa kando ya barabara kuu. Wakala, wakashiba, wakasifu. Halafu akatoa flashi mfukoni, akasema nyimbo zote za harusi ziko humo kwa mpangilio, ya kuingia bibi harusi, ya kukata keki, ya zawadi, na kwamba wao watakodi sabufa. Nikamwambia, "Mzee mwenzangu, binti wa mwenye sanduku haingii ukumbini na sabufa ya kukodi. Lete hapa." Nikachomeka flashi mbele ya wageni wote. Taa ikawaka. Ikakonyeza. Kimya.

Mzee Mahimbo akaliangalia sanduku kwa huruma. "Labda nalo limeshiba," akasema.

Walicheka, Mama Rehema. Hata wewe ulicheka, ukajifanya unakohoa. Rehema peke yake hakucheka. Walipoondoka alinifuata karakana, akaniambia, "Baba, wao wakodi wanachotaka. Mimi nataka niingie na sanduku letu." Akaondoka haraka nisimwone uso.

Na wewe ukaja nyuma yake, mikono kiunoni. "Sikia, Mnyamwezi. Likiimba Mikumi, mimi nitalifuta vumbi mpaka nife. Likishindwa Mikumi, kuku wangu wanahamia humo. Mninga hauingizi mchwa, watataga kwa raha."

Ulikuwa umeshampima hadi jogoo, nilikuona.

Kesho yake nikaenda Dumila kwa yule muuza vipuri aliyekuwa anakaa kando ya wauza vitunguu. Akaniamkia vizuri, shikamoo mzee, marahaba. Nikamwekea bodi yangu mezani. Akaigeuza akasema, "Mzee, hii tupa. Chukua sabufa, ina kila kitu ndani."

Nikamwambia, "Nimekuja kununua tandu, sikuja kununua jeneza."

Kijana wa watu akacheka mpaka akakaa. Lakini siku gari lake la mzigo lilipotoka Dar es Salaam, tandu mpya alikuwemo, amefungwa kwenye karatasi ya fedha ya sigara. Akanipa kwa mikono miwili, akaniambia maneno ambayo sikuyapenda. "Mzee, huyu hafanani na wa zamani. Miguu yake mingi zaidi na imebanana. Halafu yule wa zamani alikuwa anakula volti tano. Huyu anakula tatu na kitu. Ukimpa tano anakufa hapo hapo, na nimeleta mmoja tu."

Fundi mwingine angerudi kwa sabufa. Mimi nilirudi kwako. Karatasi ya maelezo aliyokuja nayo tandu, ya Kiingereza, uliisoma wewe kwa kidole, kwa sauti ile uliyofundishwa misheni kule milimani kwenu, kama unasoma somo la Jumapili. Mguu huu umeme, mguu huu ardhi, miguu hii miwili ndiyo njia ya flashi. Mimi nikawa naikumbuka kichwani. Kichwa changu kilikuwa kizuri, hilo hata adui hakatai.

Lakini macho yalikuwa yameanza kukataa. Nikavaa miwani yangu, na juu yake nikavaa yako. Ulipoingia na chai ukashtuka, ukasema, "Wageni wangapi humo ndani?" Cheka, lakini kwa macho yale manne nilichomea kila mguu kwa uzi mmoja mmoja wa waya wa simu, kwa sababu matundu ya bodi ya zamani hayakumtosha tandu mpya na mimi sikukubali kuitupa bodi yangu. Na volti? Nikaweka dayodi mbili, vile vipande vidogo vya kupunguza umeme, kwenye njia yake, zikamega kidogo kidogo, ikabaki tatu na ushee. Nikapima. Nikapima tena. Nikawasha.

Na mwanamke akaongea.

Sauti nyembamba, tamu, maneno ya Kichina au Kiingereza kilichokulia China, sijui, lakini ni mwanamke na anatoka ndani ya sanduku langu. Ukatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Rehema! Nani huyo?"

"Tandu."

"Tandu jike?"

"Wamemweka humo wenyewe huko kiwandani. Ukiwasha anasalimia."

"Mwambie kwangu hodi inapigwa mlangoni."

"Sanduku lenyewe ni mlango," nikasema, na hapo nilikushinda, kubali. Ulishusha mwiko, kitu ambacho sikuwahi kukiona kabla wala baada. Halafu ukainama kwenye spika ukasema, "Haya, mke mwenzangu, karibu. Ila kupika ni zamu."

Furaha ile haikufika mbali. Nilipochomeka flashi ya Mikumi haikuwaka hata taa. Zamani ilikuwa inawaka na kukonyeza, sasa ilikuwa maiti. Yule mwanamke anaongea vizuri, tandu yuko hai, flashi hana habari. Nikakagua miguu yote. Nikabadilisha waya mweupe na wa kijani. Nikarudisha. Nikamtukana Mchina, nikamtukana muuza vipuri, nikaitukana Mikumi na tembo wake. Ilikuwa Jumatano na harusi Jumamosi, na wewe nje kule nakusikia unawaambia kuku, "Vumilieni, wanangu, siku zimebaki chache."

Mchana ule uliniita kula nikakataa. Ukaniuliza kilichonisibu nini. Nikakwambia kwa hasira, tandu anaongea lakini flashi haiwaki, basi, niache. Baadaye njaa ikanipeleka jikoni mwenyewe. Nikachota maharage kwenye chungu cha kwanza nilichokiona, nikatia mdomoni, nikatema.

"Maharage haya yamekufa!"

"Hicho changu," ukasema bila kugeuka. "Mimi wa presha, daktari kanikataza chumvi. Chako hicho kingine. Umri wote huo hujajua kwamba nyumba hii ina vyungu viwili? Nikikulisha chakula changu cha mgonjwa utanuna kutwa. Na huyo mke mwenzangu naye mpikie chake, usimlishe na mgeni kwenye chungu kimoja."

Nilisimama na upawa mkononi. Unakumbuka? Maharage yalikuwa yananidondokea mguuni na sikuyasikia. Kwa sababu kwenye mchoro wangu wa zamani, tandu na flashi walikuwa wanakula njia moja, wote volti tano, wote wanashiba. Mimi nilipompunguzia tandu mpya chumvi, nikampunguzia na flashi. Flashi si mgonjwa! Flashi bado anakula tano zake! Nilikuwa nimemlisha mgeni chakula cha mgonjwa, na yeye amenuna.

Nikakimbia na upawa. Nikakata waya mmoja tu mwekundu. Flashi nikampa njia yake ya tano, moja kwa moja, na tandu nikamwacha nyuma ya dayodi zake na tatu yake. Vyungu viwili. Nikawasha. Mke mwenzako akasalimia, flashi ikawaka taa, ikakonyeza, na sanduku likapiga ule wimbo wa kuingia bibi harusi kwa sauti ambayo hata treni ya mzigo iliyokuwa inapita haikuizima. Rehema alitoka uani na mapovu ya sabuni mpaka viwikoni, akacheza vile vile, mapovu yanaruka. Wewe ulikuwa unacheza na mwiko. Kuku walikimbilia kwa jirani.

Hapo ndipo ugomvi wetu mkubwa ulipoanza, na leo nausema hadharani. Wewe ulishikilia kwamba dawa uliitoa wewe, kwamba ulikuwa unasema habari za sanduku. Mimi nikashikilia kwamba ulikuwa unasema habari za maharage. Mtu akisema chungu jikoni, na mkononi ana mwiko, anasema chungu. Aliyetoka na chungu akafika kwenye waya mwekundu ni mimi. Hilo silirudishi nyuma hata mkija wote wa milimani kunizunguka.

Ijumaa tukalipakia kwenye pikapu, limefungwa ndani ya godoro letu na khanga zako juu. Barabara ya kwenda Mikumi unaijua ilivyokuwa. Ulikaa umelikumbatia nyuma kule, ukakataa kukaa mbele kwa dereva. Kila shimo mimi nilipiga kelele, "Tandu!" na wewe ukapiga kelele, "Kiuno!" Dereva alifika Mikumi hajui kati yetu nani mgonjwa.

Na Mzee Mahimbo alikuwa amekodi sabufa. Aliiweka kwenye kona, ameifunika kitambaa, akaniambia kwa heshima, "Ya akiba tu, mzee mwenzangu." Nikamwambia iache hapo ipate kusikiliza.

Umeme wa jenereta, watu wamejaa, Rehema yuko nje na shela anasubiri, ananitazama kupitia mlangoni. Yale macho, Mama Rehema. Nimesimama mbele ya watu wengi maishani na sikutetemeka, lakini siku ile kidole changu kilikosa tundu la flashi mara mbili. Wewe ukanishika kifundo cha mkono, ukakielekeza. Nikawasha.

Mwanamke akasalimia, sauti imejaa ukumbi. Watu wakageuka. Mshereheshaji akauliza kwenye kipaza sauti, "Jamani, huyu dada ni nani?" Na wewe, kabla sijafungua mdomo, ukasimama na gauni lako la kijani ukajibu kwa sauti ya kuitia ng'ombe, "Huyo mke mwenzangu! Mpigieni vigelegele!"

Vigelegele vile! Ndani ya vigelegele wimbo ukaanza, na Rehema akaingia. Hakwenda moja kwa moja kwa bwana harusi. Alipita kwanza kwenye sanduku, akaliwekea mkono juu, akasimama nalo kidogo, likimtetemesha kama alipokuwa mtoto. Nyani waliokuwa ukutani kusubiri mabaki waliondoka hawajala. Ile sabufa haikufunuliwa kitambaa mpaka ikarudi kwa mwenyewe.

Mzee Mahimbo akaja na soda mbili, akasema, "Nimesalimu amri. Sanduku hili lina jina?" Mimi nikasema linaitwa Simba wa Kilosa. Wewe, palepale, mbele ya mkwe, ukasema, "Linaitwa Vyungu Viwili." Tukabishana mpaka keki ikakatwa bila sisi.

Ulilifuta vumbi kama ulivyoahidi, na uliahidi mpaka ufe, na ukafanya hivyo. Siku tuliyokuzika watani zangu, ndugu zako, walishuka kutoka milimani, wakakalia sanduku langu, wakasema hawaondoki, wanalichukua, kwamba dada yao kauawa na kelele za Mnyamwezi. Nilicheka, Mama Rehema. Katikati ya msiba nilicheka mpaka nikaishiwa nguvu, wakanishika wao wenyewe, na wao wanalia. Walipoona sikubali kulitoa, wakadai liimbe. Likaimba.

Bado linaimba. Tandu ni yule yule, njia ya tatu na njia ya tano, sijagusa. Rehema ananiambia siku hizi hakuna kuchomeka, wimbo unatoka kwenye simu unapita hewani, niweke tandu mwingine. Kumweka naweza, hakuna cha kunishinda. Lakini huyo mwingine pengine haongei, au anaongea mwanaume, na mimi kila asubuhi nikiwasha mke mwenzako akisalimia, namjibu kwa niaba yako, "Karibu, ila kupika ni zamu." Basi nimemwambia Rehema nitabadilisha nikifika miaka tisini.

Nimelipaka rangi upya mwaka huu. Mbele nimeandika jina kwa mkono wangu, herufi kubwa. Sikuandika Simba. Rehema alipoona alitaka kusema kitu nikamwambia aende akachemshe chai.

Na jingine. Daktari amenipima, naye kaniambia yale yale aliyokwambia wewe. Presha, mzee, acha chumvi. Nilimbishia, nikashindwa. Sasa jikoni chungu changu nimekifunika juu ya kabati, napikia chako. Maharage yale yale yaliyokufa. Nayala yote, na ninapomaliza nasema kwa sauti, ili kama uko karibu usikie, kwamba hayana ladha kabisa.

Tulia huko, Mkaguru wangu, uwasumbue wengine kidogo wakati unanisubiri. Sina haraka.

Asiyeamini niliyoyaandika amuulize Rehema, aliyeyaona na mapovu mikononi. Amuulize Mzee Mahimbo wa Mikumi, bado yuko, bado anauza supu. Amuulize muuza vipuri wa Dumila, ingawa siku hizi ana duka kubwa na anajidai. Na wote hao wakikosekana, waulizwe wajukuu wa kuku wako, ambao hivi ninavyoandika wanalala nje kwenye banda la fito, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutaga ndani ya mninga wangu.

Mumeo na mtani wako,
Baba Rehema